Moyo Ukichoka, Je, Kuna Pampu?

Hivi karibuni mzee mmoja alifika katika zahanati yetu. Miguu yake imevimba, na usiku hulala ameketi, maana akijinyoosha pumzi humwishia. Nilimweleza kuwa moyo wake umechoka kusukuma damu. Akaniuliza, "Mwanangu mganga, pampu ya kisima ikichoka tunaweka nyingine. Je, moyo hauna pampu?"

Pampu ipo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma damu kiasi cha lita 5 kwa dakika. Hapo mwanzo wahandisi walitengeneza pampu zilizopiga kama moyo wenyewe. Zilikuwa kubwa, na zilichakaa upesi.

Katika miaka ya 1970 daktari Mmarekani, Richard Wampler, alitembelea kijiji kimoja cha Misri. Aliona wakulima wakipandisha maji kwa parafujo kubwa iliyozungushwa kwa mkono. Akawaza: mbona damu isisukumwe hivyo? Wengi walidhani chembe za damu zingesagika. Hazikusagika. Mwaka 1988, huko Houston, pampu yake ndogo ilipitishwa katika mshipa wa mguu hadi moyoni, ikamsaidia mgonjwa kwa muda mfupi.

Baadaye zilikuja pampu za kuzunguka zinazopandikizwa kifuani kwa miaka. Mojawapo ni HeartMate 3, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Gurudumu lake huelea kwa nguvu ya sumaku, haligusi kitu, kwa hiyo halisagiki. Kwa kuwa damu hutiririka mfululizo, mganga akishika mkono wa mgonjwa huenda asiyasikie mapigo.

Lakini pampu hiyo ina masharti. Waya hutoka tumboni hadi kwenye betri ambazo mgonjwa huzivaa, nazo lazima zichajiwe kila siku. Waya unapotokea pakiwa pachafu, vijidudu huingia. Tena lazima anywe dawa ya kuzuia damu isigande.

Mzee wetu nilimwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya, kwa sababu dawa za kuupunguzia moyo mzigo zipo. Angekuja mapema, ingekuwa afadhali zaidi.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji:

1. Pimeni shinikizo la damu, hata kama hamuumwi.
2. Mtoto mwenye homa na maumivu ya koo aletwe zahanati. Koo lisilotibiwa laweza kuharibu vali za moyo.
3. Punguzeni chumvi.
4. Ukivimba miguu au kukosa pumzi, usingoje.

Tuutunze moyo tuliozaliwa nao. Huo hauhitaji betri.