Panya Mwenye Medali na Picha Zetu za Uluguru

Septemba 2020 picha ya panya buku ilizunguka dunia nzima. Panya mwenyewe aliitwa Magawa, na kifuani alikuwa na medali ndogo ya dhahabu, utadhani anasubiri gwaride lianze. Medali hiyo alipewa na PDSA, shirika la Uingereza linalotibu wanyama, kwa kazi yake ya kunusa mabomu ya kutegwa ardhini kule Kambodia. Wengi walioisambaza hawakujua kwamba huyo ni mtoto wa nyumbani. Shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku hapa Morogoro, kwa kushirikiana na SUA, tangu mwaka 2000, na Magawa alipata mafunzo yake huku kabla ya kupelekwa Kambodia mwaka 2016.

Tukiacha utani wa panya, hebu tujiulize kama watu tunaoposti kila siku: kwa nini picha ile moja ilifanya kazi ambayo ripoti kibao kuhusu mabomu hazikuwahi kuifanya?

Kwanza, ina mhusika mmoja, na ana jina. Ingekuwa picha ya panya hamsini kwenye vizimba tungeipita tu. Pili, kuna kitu hakikai sawa ndani yake. Panya buku kwetu ni mharibifu wa mahindi, na kuna watu kwao ni kitoweo. Medali ya dhahabu imefikaje kwenye kifua chake? Jicho linakwama hapo, na likikwama mtu anatafuta maneno. Maneno yalikuwepo: kwamba hadi siku ile alikuwa ameshagundua mabomu 39 ya ardhini na silaha nyingine 28 ambazo hazikulipuka, kwamba ni mwepesi kiasi kwamba akilikanyaga bomu halilipuki, kwamba eneo la ukubwa wa kiwanja cha tenisi analimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kutumia hadi siku nne. Picha imeuliza swali, maelezo yamejibu. Stori ya mtandaoni ikitengenezwa vizuri inafanya kazi hivyo, na ndiyo maana mtu anayesema "mimi ni mpiga picha tu, kuandika siyo fani yangu" anajinyima nusu ya kazi yake.

Sasa fungua Insta utafute Uluguru. Utakuta mtu kaupa mgongo uso wa kamera, mikono kaitandaza, ukungu mbele yake, chini kaandika "Mji kasoro bahari" na kopa mbili. Utazikuta mia za namna hiyo, zimepigwa Choma au Morningside, wikiendi ile bumu limetoka. Siyo dhambi. Ila hazina swali. Ukiziweka pamoja, mlima mzima unageuka pazia la studio, na wanaoishi juu yake hawaonekani kabisa.

Kuna sababu ya kawaida tu ya picha hizo kufanana, nayo ni mwanga. Uluguru iko upande wa mashariki na kusini mwa mji na kampasi kuu ya SUA. Asubuhi jua linachomoza nyuma ya mlima, kwa hiyo ukiwa chini unapata umbo jeusi na anga jeupe pe. Simu inajaribu kuupa mlima mwanga, anga inaungua. Au inaokoa anga, mlima unakuwa kama kivuli cha gunia. Ukitaka miteremko ionekane, na mashamba yake, makorongo na nyumba za bati, subiri saa kumi na nusu jioni, jua likiwa magharibi nyuma yako. Ndani ya ukungu simu nayo hudanganyika, picha ikatoka ya kijivu. Gusa kitu cheusi kwenye kioo, kama shina la mti au nywele za mtu, uone inavyobadilika, kisha rekebisha mwenyewe. Na ufute lenzi. Simu iliyokaa mfukoni na chenji na karanga siku nzima haiwezi kutoa picha safi, hata iwe ya bei gani. Ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, maana ikienda kama picha ya kawaida inabanwa na ubora unapungua.

Hayo ya mwanga unayamaliza kwa wiki moja. Kazi ngumu ni kujua unachokiangalia.

Chukua mfano. Uko njiani unapanda, unakutana na mama wa makamo akishuka na ndizi kichwani kuelekea sokoni kwa Chifu Kingalu. Picha ni nzuri, hakuna ubishi: rangi ya khanga, kijani cha ndizi, njia nyekundu ikipinda nyuma yake. Maelezo yatakayokujia haraka ni "Mama Mwafrika akipambana na maisha", labda na kiemoji cha mkono uliokunjwa. Lakini Waluguru ukoo wao hufuata upande wa mama, na kwa mila ardhi ya ukoo imekuwa ikirithiwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo huyo unayemwona ni mpambanaji wa kuhurumiwa, huenda ndiye anayehesabika kama mwenye shamba kwenye ukoo wake, na mume ndiye aliyekuja kulima kwao. Huwezi kujua kama ni hivyo mpaka umuulize. Ukimuuliza, picha ileile inageuka. Msomaji hamuonei huruma tena. Anajiuliza huko kwao mambo yakoje.

Au uko juu, umepiga mteremko wenye mashamba yaliyosimama kama ukuta. Kabla hujaandika "mandhari", fahamu kwamba mteremko huo ulishawahi kupigania haki zake. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, udongo wa chini usio na rutuba ukapanduliwa juu, mavuno hayakuwalipa. Mwaka 1955 watu wa Matombo walifanya ghasia, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukafa nao. Leo mtaalamu wa kilimo akipanda huko kufundisha habari za matuta anaongea na wajukuu wa watu hao. Sisi tunaosoma mambo ya udongo tungeweza kuieleza hadithi hiyo kwa picha tano na sentensi kumi, na mtu wa Dar angeiangalia mpaka mwisho, kwa sababu maji ya Mto Ruvu anayooga yanaanzia huku.

Picha tano hizo zipangwe vipi? Wapiga picha za habari wana desturi ya zamani ambayo kwenye simu inafanya kazi vilevile. Unaanza na picha ya mbali inayoonyesha tuko wapi. Kisha mtu kazini kwake. Kisha kitu cha karibu sana: mikono, jembe, mzizi uliokatika, kidonda cha udongo uliotiririka. Kisha watu wawili wakiwasiliana, maana hapo ndipo uhusiano unapoonekana. Mwisho, kilichobadilika. Usiweke picha mbili zinazosema kitu kimoja, hata kama zote unazipenda. Maelezo yaanze na kitu chenyewe, kwa sababu Insta inaonyesha mistari ya mwanzo tu, mingine mpaka mtu abonyeze. Ukiianza na "Habari za jioni wapendwa, natumaini mko poa", mistari yako imeisha na hujasema kitu.

Nimesema picha ya Magawa ilifanikiwa, ila nayo ina waliobaki nje ya fremu. Panya hajifundishi. Kuna Watanzania wanaoamka alfajiri, kabla jua halijawa kali, wanashika kamba, wanabonyeza kile kidude kinachotoa mlio, wanampa panya kipande cha ndizi kila anapopatia, siku baada ya siku kwa miezi mingi. Dunia ilijua jina la panya, majina yao haikuyajua. Kwa mwanafunzi wa hapa hiyo ni nafasi, siyo lawama: stori ambayo mgeni hakuimaliza iko umbali wa mguu kutoka hosteli.

Kuna njia nyingine pia, ya mwenye sura kushika simu mwenyewe. Kili Paul, kijana wa Kimasai wa mkoa jirani wa Pwani, alianza kuimbisha midomo nyimbo za Kihindi akiwa na dada yake Neema, nyuma yao kijiji chao kama kilivyo. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini ulimpa heshima. Unaweza usipende maudhui yake, hiyo ni hiari yako. Lakini hakuna aliyemuamulia asimame wapi, avae nini, na aandikwe nini chini ya video.

Hilo la nani anaamua ndilo linalonikaa rohoni nikifikiria mji huu, kwa sababu ya Msamvu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale, watu wakaja na madumu kuchota petroli, likalipuka. Waliofariki walipita 100. Siku hiyohiyo video za watu wakichota, kisha za moto, zilikuwa zimesambaa kwenye magrupu ya WhatsApp nchi nzima. Video ya watu wakichota ilifundisha kitu. Ukiiangalia unaelewa ajali ilivyokuwa. Lakini mwili wa mtu aliyeungua, ukiwa umefika kwenye simu ya mwanawe kabla hajapigiwa na hospitali, unamfundisha nani? Aliyeurusha alikuwa na swali moja tu kichwani, la nani atakuwa wa kwanza. Mimi naona mpaka uwe hapo: kama mtu hawezi kusema hapana, kwa kuwa amezimia, amefariki au ni mtoto, sura yake haitoki kwenye simu yako. Piga umati, piga moto, piga viatu vilivyobaki barabarani. Tukio litaeleweka.

Sheria nazo zipo. Tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayolinda taarifa za mtu anayetambulika, na sura ndiyo inayomtambulisha mtu kuliko kitu kingine. Picha yako nayo ni mali yako chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, hivyo ukurasa wa utalii ukiichukua bila kukuuliza una haki ya kudai. Ukipanda msituni, Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru iko chini ya TFS na kuingia kunahitaji kibali, kwa hiyo pitia ofisini kwao kwanza.

Ila kwa yule mama wa ndizi sheria haitoshi, maana akikubali bila kujua Insta ni nini, amekubali nini? Anza na shikamoo. Jitambulishe, chuo gani, unafanya nini. Usimwombe asimame na mzigo kichwani. Msaidie kuutua, au tembea naye mkishuka, maana njia ni ndefu na mazungumzo ndiyo yanayozaa maelezo ya picha. Mwonyeshe ulichopiga. Mwambie wataiona watu asiowajua, pengine hata mkwewe wa Dar. Akicheka na kusema "niweke vizuri khanga basi, upige nyingine", umepata ruhusa ya kweli. Akisema hapana, futa mbele yake. Studio za mjini zinasafisha picha kwa bei ya soda; Jumamosi ijayo atashuka tena na ndizi, na utajua pa kumpata.