MITI MPAKANI, MAHINDI KATIKATI

Wakulima wengi wa mashamba ya makazi husema hivi: "Eka zangu ni tano tu. Nikipanda miti, mahindi nitayapanda wapi?" Swali hili ni la haki, na lafaa lijibiwe kwa hesabu.

Tangu Mradi wa Eka Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, mashamba mengi yamegawanywa kwa watoto, na miti mingi imekatwa kwa kuni, makaa na ujenzi. Kwa hiyo kanuni za mwaka 2009 zilimtaka kila mkulima aweke miti katika sehemu moja ya kumi ya shamba lake. Tena, mwezi wa Desemba 2022 Serikali ilianzisha mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Misitu peke yake haitoshi kazi hiyo. Mashamba pia yanahitajiwa.

Sasa tuhesabu. Shamba mraba la eka 5 lina mzunguko wa meta 570 hivi. Ukipanda mti kila baada ya meta 3, ndani kidogo ya mpaka, utapata miti 190. Vivuli vyake vikienea upana wa meta 3 na nusu, vitafunika karibu nusu eka. Hiyo ndiyo sehemu moja ya kumi, na mahindi yako yangali katikati.

Mgrevilea wafaa sana mpakani. Upogoe kila mwaka: mahindi yatapata jua, nawe utapata kuni bila kuingia msituni. Pasipo na baridi kali, panda kaliandra kati ya miti. Kilo 3 za majani yake mabichi huweza kushika mahali pa kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani.

Lakini jihadhari na mkaratusi. Hukua upesi na mbao zake huuzika, ila hunywa maji mengi. Usiupande karibu na chemchemi wala ukingoni mwa mto. Mito mingi ya Nyandarua na Mlima Kenya huingia Tana, ambao huendesha mitambo ya umeme ya Masinga na Kiambere. Mto ukikauka kwako, hasara huanza kwa jirani aliye chini.

Chimba mashimo kabla ya mvua. Ondoa karatasi ya nailoni kwenye mche, rudisha kwanza udongo wa juu wenye rutuba, kisha zuia mbuzi. Kwa shauri zaidi, mwone Bwana Misitu wa kaunti yako.

Mchumia juani hulia kivulini.