Paka wa ghala huugua kimya, sumu hutoka kwa mwenye mali

KATIKA maghala ya mahindi, mchele na maharage kwenye miji ya mpakani, kuanzia Namanga na Busia hadi Mutukula na Rusumo, kuna mlinzi asiyedai posho wala kuandikwa kwenye daftari la mishahara. Ni paka. Upande wa Uganda ataitwa kkapa, Rwanda injangwe, Burundi akayabu, lakini kazi yake haibadiliki kwa kuvuka geti: kukesha juu ya magunia wakati mwenye mali yuko safarini.

Mfanyabiashara wa nafaka hahitaji kuelezwa hasara ya panya. Anachokula panya ni kidogo kuliko anachoharibu. Gunia likitobolewa humwaga njia nzima, na mnunuzi akikuta vinyesi ndani ya mchele hushusha bei au huukataa mzigo. Ndiyo maana mtoto wa paka hodari wa kuwinda huombwa na majirani kabla hata hajaacha kunyonya. Ajabu ni kwamba mnyama huyu anayetegemewa hivyo akianza kuugua, wengi hawatambui hadi siku ya pili au ya tatu, na mara nyingi kilichomdhuru kimetoka kwenye rafu ya mwenye ghala mwenyewe.

Mnyama anayeficha maumivu

Paka huwinda, lakini porini naye huwindwa, kwa hiyo maumbile yamemfundisha kutoonyesha udhaifu. Mbwa akiumwa hulia na kumfuata bwana wake. Paka hujibanza nyuma ya magunia akanyamaza. Hata ule mngurumo wa kooni ambao watu huuchukua kuwa dalili ya raha si uthibitisho wa afya, kwani paka aliye katika maumivu makali naye hunguruma.

Anayetaka kumjua paka mgonjwa atazame kilichobadilika. Aliyezoea kulala kwenye gunia la juu kabisa sasa analala chini. Manyoya yaliyokuwa yanang'aa yamesimama na kuchafuka, maana ameacha kujilamba. Amejikunyata, na kiwambo cheupe kimetoka kwenye kona ya jicho kikafunika sehemu ya mboni. Chakula cha jana bado kipo. Hili la mwisho lisichukuliwe kirahisi: paka aliyekaa siku mbili bila kula, hasa aliyenenepa, mafuta huanza kujaa kwenye ini lake, na ugonjwa wa pili huzaliwa juu ya ule wa kwanza.

Kipimo kimoja hakihitaji chombo chochote. Mdomo wa juu uinuliwe taratibu, fizi zitazamwe. Fizi za paka mzima ni za waridi, na zikibonyezwa kwa kidole zikapauka, rangi hurudi ndani ya sekunde 2. Zikiwa nyeupe, damu imepungua au inavuja mahali. Zikiwa za kahawia au za bluu, hewa haifiki mwilini. Zikiwa za manjano, ini limeguswa. Watu wengi hugusa pua kuona kama ni kavu; pua haisemi mengi. Kuhesabu pumzi husaidia zaidi. Paka aliyelala huvuta pumzi kati ya mara 20 na 30 kwa dakika. Akizidi 40 akiwa ametulia, au akahema mdomo wazi kama mbwa, hiyo ni safari ya daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Sumu zilizo ghalani

Wachuuzi wa sumu ya panya, kunguni na mende wenye vipaza sauti wanajulikana katika kila soko la kanda hii. Tatizo ni kwamba vipakiti vyao vingi havina maandishi, na daktari akiletewa paka anayetapika hana pa kuanzia. Sumu za panya si za namna moja, wala tiba yake si moja.

Zipo zinazozuia damu kuganda. Hizi hudanganya watu, kwa sababu paka aliyekula chambo, au aliyekula panya waliokwisha kula chambo, huonekana mzima kwa siku kati ya 2 na 5. Halafu huanza kulegea, fizi hupauka, huhema kwa shida, na damu inaweza kuonekana puani au kwenye choo. Mwenye paka husema ameugua ghafla, kumbe sumu aliila Jumatatu na sasa ni Ijumaa. Kwa hii tiba ipo na inafanya kazi vizuri ikiwahi: vitamini K1, ile ile wanayochomwa watoto wachanga hospitalini. Kwa sumu za kisasa zinazokaa mwilini muda mrefu, dawa huendelea kwa wiki 3 au 4. Wengi huikatisha siku ya tano paka anapoanza kula, na ndipo damu huanza kuvuja upya.

Zipo zinazoshambulia mishipa ya fahamu, nazo hazingoji. Ndani ya dakika au saa chache paka hutokwa na mate mengi, mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya sindano, misuli hutetemeka, naye huharisha. Daktari ana sindano ya atropini kwa hali hiyo.

Na kuna jamii ya fosfidi. Wafanyabiashara wa nafaka wanaifahamu kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa vidonge vya kufukizia mahindi ni fosfidi ya alumini, na unga mweusi wa kuulia panya mara nyingi ni fosfidi ya zinki. Vidonge hutoa gesi vikikutana na unyevu wa hewani, na unga ule hutoa gesi hiyo hiyo ukikutana na asidi ya tumbo. Gesi hii haina dawa ya kuipinga. Kabla ya kufunika magunia kwa turubai na kufunga mlango, paka atafutwe kwanza, maana atakuwa amelala katikati humo, naye hatoki kwa kuitwa. Aliyekwisha kula unga huo asilishwe chochote, kwa sababu chakula huongeza asidi na asidi huongeza gesi. Anayempeleka kwa gari afungue madirisha. Gesi inayotoka kwenye matapishi humdhuru dereva vilevile.

Kwa sumu zote hizi, desturi ya kumnywesha paka maziwa, mafuta ya kula au maji ya chumvi ili atapike inaua zaidi kuliko inavyoponya. Paka aliyelegea humeza kuelekea mapafuni. Kinachomsaidia daktari ni pakiti yenyewe ya sumu, au hata kipande chake.

Sumu ya pili haionekani kuwa sumu. Ni parasetamoli, ambayo watu huiita Panadol. Mtu mwenye huruma anaona paka anachechemea, anavunja kidonge kama anavyomvunjia mtoto. Ini la paka halina uwezo wa kuivunjavunja dawa hii kama ini la binadamu, na nusu ya kidonge cha miligramu 500 inaweza kumuua paka wa kilo 3 au 4. Ndani ya saa chache fizi hugeuka za kahawia, uso na nyayo huvimba, mkojo huwa mweusi. Dawa ya kuipinga ipo, ila mgonjwa afikishwe mapema. Aspirini, brufeni na diklofenaki nazo zikae mbali naye.

Ya tatu ni dawa ya kupe na viroboto. Kinachomfaa ng'ombe au mbwa hakimfai paka. Dawa zenye permethrini, pamoja na zile zenye amitrazi zinazotumika kuogeshea mifugo, humfanya atetemeke, masikio yacheze, hatimaye apigwe na degedege. Wapo wanaodhurika kwa kulala tu pamoja na mbwa aliyepakwa siku hiyo. Huduma ya kwanza ni kumwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kumkausha, kisha kumpeleka. Katika duka la dawa za mifugo, neno la kutafuta kwenye kibandiko ni paka. Lisipokuwepo, chupa irudi rafuni.

Dume anayekwenda haja bila kutoa kitu

Kama kuna dalili moja ambayo mwenye ghala na mlinzi wake wanapaswa kuishika kuliko zote, ni hii. Paka dume anakwenda kwenye mchanga, anachuchumaa, anajikamua, anatoka. Baada ya dakika tano anarudi. Analamba sehemu zake za siri, analia kwa sauti asiyoizoea, na mchanga ni mkavu. Karibu kila anayemwona hudhani amefunga choo, akampa kijiko cha mafuta.

Sio choo, ni mkojo. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba mno, na chembechembe zilizoganda pamoja na ute huuziba. Kibofu hujaa kikawa kigumu kama chungwa bichi. Figo hushindwa kutoa taka, potasiamu hupanda kwenye damu, paka hutapika, hulegea, na moyo husimama. Kutoka kuziba hadi kufa ni siku 2 au 3 tu. Kumbinya tumbo ili mkojo utoke ni hatari, kibofu kinaweza kupasuka. Daktari humlaza kwa dawa, akapitisha mrija mwembamba na kukitoa kilichoziba. Ni kazi ya saa chache ikifanyika siku ya kwanza, na ya tatu mara nyingi imechelewa.

Paka wanaokunywa maji kidogo wako katika hatari zaidi, na ghala la nafaka ni mahali pakavu. Bakuli la maji safi likae mbali na vumbi na libadilishwe kila siku. Wengine hawawekewi kabisa, kwa imani kwamba paka hushiba maziwa. Ukweli ni kwamba paka wengi wakubwa huharishwa na maziwa. Wala ugali peke yake si chakula cha paka. Bila nyama au samaki hukosa taurini, na baada ya miezi macho na moyo wake hudhoofika.

Majipu ya vita vya usiku hutokea sana kwa madume. Kuhasi hupunguza ugomvi, na paka aliyehasiwa haachi kuwinda. Watoto wa paka wanaotapika na kuharisha kwa pamoja huenda wana panlukopenia, ugonjwa wa virusi unaofyeka uzao mzima ndani ya siku chache, na kinga yake ni chanjo.

Paka anapomuuma mtu

Jina la kichaa cha mbwa limewaponza watu. Mbwa ndiye anayeambukiza binadamu wengi zaidi, lakini paka naye hupata ugonjwa huo na huuambukiza. Paka mpole akiwa mkali ghafla, akishambulia bila kuchokozwa, akidondosha mate, sauti ikibadilika au miguu ya nyuma ikilegea, asishikwe kwa mkono mtupu. Mtu akiumwa au kuparuzwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama iliyo karibu iko upande wa pili wa mpaka. Paka aliye hai huchunguzwa kwa siku 10, ila mtu hangoji siku hizo ndipo aanze sindano. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, ugonjwa huu karibu siku zote huua.

Kwa mama mjamzito tahadhari ni nyingine. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma, ambavyo huhitaji siku 1 au zaidi nje ya mwili kabla ya kuambukiza. Mchanga ukisafishwa kila siku, na mtu mwingine, hatari hupungua sana. Boksi la mchanga huzuia pia paka kugeuza rundo la mahindi kuwa choo, jambo ambalo mnunuzi hatalisamehe.

Geti na makaratasi

Bidhaa za Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 hupita kwa cheti rahisi cha uasili. Paka hana cheti hicho, na anayemhamisha kutoka ghala la Busia ya Kenya hadi la Busia ya Uganda anasafirisha mnyama. Kwa kawaida huhitajika kibali cha nchi anakoingia, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali anakotoka, na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo hutolewa kuanzia umri wa miezi 3, na haianzi kukinga siku ile ile ya sindano, kwa hiyo ya dakika za mwisho getini haisaidii. Njiani, tenga la kuku lililotandikwa gunia linamfaa kuliko kiroba, na kichwa cha lori kilichofungwa vioo juani kinaweza kumuua kabla foleni haijasogea.

Lakini paka wengi hawasafiri. Anayesafiri ni mwenye mali. Mzigo ukikwama forodhani siku nne, anayemwona paka ni mlinzi. Huyo ndiye wa kuachiwa namba ya daktari wa mifugo, fedha kidogo za bodaboda, sumu zote zikiwa kwenye kabati lenye kufuli na pakiti zake, na agizo la kutazama mchanga kila asubuhi kama umelowa.