Presha huanza unapohamia jijini, si unapozeeka

Alfajiri moja, mwanamume wa umri wa miaka 41, karani katika afisi moja ya mjini, aliletwa kwangu na mkewe kwa teksi. Mdomo ulikuwa umepinda, mkono wa kulia hauinuki na maneno hayatoki. Kipimo cha shinikizo la damu kilionyesha 210 kwa 130. Kilikuwa kiharusi. Nilimpeleka hospitali kuu mara moja na akaponea, lakini hadi leo kalamu anaishika kwa mkono wa kushoto.

Nilipofungua faili yake baadaye, niliona kwamba miezi minane kabla ya siku hiyo alikuwa amekuja kwangu akilalamikia kikohozi. Nilimpima, nikakuta 170 kwa 110, nikamwandikia tembe na kumwambia apunguze chumvi. Alizimeza kwa mwezi mmoja, na kwa kuwa hakusikia maumivu yoyote, akaziacha. Nami sikuwa nimempa zaidi ya dakika tano za maelezo. Lawama hiyo siikwepi.

Mkewe aliniuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi: "Daktari, babake yuko nyumbani mashambani, ana miaka 75 na bado analima. Huyu presha ameitoa wapi?"

Ni swali zuri, msomaji, na huenda likakuhusu wewe pia ikiwa ulizaliwa mashambani na sasa unaishi mjini. Jibu lake limo katika tafiti zilizofanywa hapa hapa Kenya.

Wazee wasiojua presha

Mnamo 1929, C. P. Donnison, daktari aliyefanya kazi huku enzi ya ukoloni, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwapima watu 1,000 wa Kavirondo Kusini, eneo ambalo leo limo Nyanza. Aliripoti kwamba shinikizo la damu la watu hao halikupanda walipovuka umri wa miaka 40, kama ilivyozoeleka kwa Wazungu. Badala yake lilielekea kushuka. Miongoni mwa wagonjwa 1,800 hivi waliolazwa hospitalini, hakukuta hata mmoja mwenye shinikizo la juu.

Katika miaka ya 1960, A. G. Shaper wa Makerere na wenzake waliona jambo kama hilo kwa Wasamburu waliokuwa wakihamahama na mifugo yao. Lakini walipowachunguza morani walioingia jeshini na kuanza kula chakula cha kambini chenye chumvi nyingi, waliona shinikizo lao likipanda. Hao walikuwa vijana wenye afya na mazoezi tele, wala si wazee wanono.

Hapo ndipo shaka ilipoingia. Tulikuwa tumefundishwa kwamba presha hupanda kwa sababu mtu anazeeka, kama nywele zinavyoota mvi. Ikiwa kuna watu wanaozeeka bila presha kupanda, basi umri peke yake hautoshi kuwa chanzo.

Vijana 325 walioingia Nairobi

Utafiti uliojibu swali la yule mama kwa karibu zaidi ulichapishwa mwaka wa 1990 katika jarida la chama cha madaktari cha Uingereza. Neil Poulter na wenzake, wakiwemo wataalamu wa Kenya, waliwafuatilia Waluo 325 wa umri wa miaka 15 hadi 34 waliokuwa wamehama kutoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria na kuja Nairobi. Kando yao waliwapima wengine 267 wa umri huo huo, wa jinsia hizo hizo na wa sehemu hizo hizo, ambao walibaki nyumbani. Makundi hayo mawili yalipimwa tena na tena kwa muda wa miaka 2.

Zingatia uzuri wa mpango huo. Wote ni watu wa kabila moja, wa vijiji vile vile, waliolelewa kwa chakula kile kile. Mtu hawezi kusema kwamba hawa wana damu ya presha na wale hawana. Tofauti kubwa ilikuwa moja: hawa walipanda basi wakaja jijini, na wale wakabaki.

Matokeo yalikuwa kwamba shinikizo la waliohama lilikuwa juu kuliko la waliobaki, na tofauti hiyo ilionekana mapema, si baada ya miaka 20 ya kukaa mjini. Mwezi mmoja tu baada ya kufika, mkojo wao ulionyesha kwamba kiasi cha sodiamu, ambayo ndiyo iliyo katika chumvi, kilikuwa kimeongezeka kikilinganishwa na kiasi cha potasiamu, madini tunayoyapata katika mboga, matunda na vyakula kama viazi vitamu na maharagwe. Uzani wao ulikuwa umezidi ule wa waliobaki, na mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi. Jambo hilo la mwisho liliwafanya watafiti wafikirie kwamba hekaheka za jiji nazo zina mkono wake.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa ulishike. Si kwamba watu wachache dhaifu walipata presha na wengine wakabaki salama. Kundi zima la wahamiaji lilisogea juu, kila mmoja kidogo. Mmoja wa walioandika ripoti hiyo, Geoffrey Rose, alikuwa amelieleza jambo hili mnamo 1985 alipowalinganisha Wakenya wa kuhamahama na watumishi wa serikali wa London. Ukiuliza kwa nini mtu huyu wa London ana presha na jirani yake hana, alisema, utapata jibu moja. Ukiuliza kwa nini presha ni kawaida London lakini ni nadra kwa wale wahamaji, utapata jibu tofauti kabisa. Jibu hilo la pili limo katika namna jamii nzima inavyoishi na kula.

Kwa hivyo yule karani hakurithi presha yake kwa babake. Kwa maoni yangu aliianza miaka mingi kabla ya kiharusi, alipokuwa kijana mwenye nguvu na hana habari.

Chumvi hufanya nini mwilini?

Figo zako ndizo mlinzi wa maji na chumvi mwilini. Unapokula chumvi nyingi, mwili huzuia maji ili kuizimua, na damu inayozunguka huongezeka. Moyo hulazimika kusukuma mzigo mkubwa zaidi ndani ya mishipa ile ile. Potasiamu huzisaidia figo kuitoa sodiamu katika mkojo na kuilegeza mishipa. Mtu anapohama kutoka kwenye sahani ya viazi vitamu, mboga za kienyeji na maharagwe hadi kwenye sahani ya chipsi, soseji, mkate na mchuzi wa viungo vya pakiti, hupata hasara mara mbili: chumvi inapanda na potasiamu inashuka.

Shinikizo likikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa huwa ngumu na nene. Moyo hutanuka na kuchoka, figo huharibika, na mshipa wa ubongo unaweza kuziba au kupasuka. Yote haya huendelea bila maumivu. Wengi wanaamini kwamba presha lazima ilete kizunguzungu au kuumwa na kisogo. Si hivyo. Wengi walio nayo hawasikii lolote.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Maradhi haya hujificha yenyewe, na usipoyatafuta hutayaona.

Hali ilivyo Kenya

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 uliowahusu watu wazima wa miaka 18 hadi 69 ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa walisema hawajawahi kupimwa hata siku moja maishani mwao.

Usifikiri pia kwamba haya ni maradhi ya matajiri wenye magari. Utafiti uliofanywa mnamo 2008 na 2009 katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, Nairobi, uligundua kwamba miongoni mwa wakazi waliokuwa na presha, ni kama mmoja tu kati ya watano aliyejua kwamba anayo. Anayetembea kwa miguu hadi Industrial Area kila asubuhi hukutana nayo sawa na mkurugenzi anayeendeshwa.

Wala kijiji cha leo si kile cha Donnison. Mkate, mafuta ya kukaangia na viungo vya pakiti vimefika madukani kote. Kurudi mashambani pekee si dawa.

Upimwe vipi?

Ikiwa umefikisha umri wa miaka 18, pimwa angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi ikiwa mzazi au ndugu yako ana presha, una kisukari au una mimba. Ukoo una sehemu yake, hilo silikani.

Ili kipimo kiwe cha kweli, usinywe chai, kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa kabla ya kupimwa. Nenda haja ndogo kwanza. Keti dakika tano ukiwa umeegemea kiti, nyayo ziguse sakafu, miguu isipandane. Mkono uliolala juu ya meza uwe usawa wa moyo, na usizungumze. Ikiwa mkono wako ni mnene, omba mkanda mpana, kwa sababu mkanda mdogo hutoa nambari za juu kuliko ilivyo.

Nambari ya juu huonyesha nguvu ya damu moyo unapopiga, na ya chini huonyesha nguvu moyo unapopumzika. Ikiwa siku mbili au zaidi tofauti umepata 140 au zaidi kwa ile ya juu, au 90 au zaidi kwa ile ya chini, una shinikizo la juu. Kipimo kimoja kilichochukuliwa baada ya kupanda ngazi hakitoshi kukutia hofu. Lakini 180 kwa 120 au zaidi hakingoji wiki ijayo. Muone daktari siku hiyo hiyo.

Anza na jikoni

Shirika la Afya Ulimwenguni linapendekeza mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika mkate na vyakula vya viwandani. Ondoa kikopo cha chumvi mezani. Pika sukuma wiki kwa kitunguu, nyanya, dania na ndimu, na utie chumvi kidogo mwishoni. Punguza polepole. Baada ya wiki chache ulimi huzoea, na chakula ulichokipenda zamani utakiona kina chumvi kupita kiasi. Viungo vya pakiti vingi ni chumvi iliyotiwa rangi, kwa hivyo ukivitia usiongeze nyingine. Nyama choma si lazima ichovywe kwenye chumvi kila tonge.

Rudisha mezani vile ulivyoviacha nyumbani: viazi vitamu, ndizi, maharagwe, managu, terere, parachichi na machungwa. Hata hivyo, mwenye maradhi ya figo asiongeze vyakula hivi wala kutumia chumvi ya potasiamu kabla ya kuuliza daktari, kwa sababu potasiamu ikizidi katika damu yake inaweza kuusimamisha moyo. Shuka matatu kituo kimoja kabla ya chako utembee. Punguza pombe, na sigara uiache kabisa.

Kuhusu tembe, naomba unisikilize vizuri. Ukiambiwa unazihitaji, zinafanya kazi siku unazozimeza tu. Shinikizo likishuka hadi 130 kwa 80, si kwamba umepona na unaweza kuziacha. Limeshuka kwa sababu unazimeza. Zikikuletea kikohozi, miguu kuvimba au udhaifu wa unyumba, usinyamaze wala usizitupe. Rudi useme, kwani ziko za aina nyingi na daktari anaweza kubadilisha. Zikikushinda kwa bei, hilo nalo liseme, kwa kuwa zipo nzuri zisizo ghali.

Na ukiona mdomo wa mtu umepinda ghafla, mkono mmoja umelegea au maneno yanakwama, usimpe maji wala tembe za jirani, na usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali kubwa wakati huo huo, kwa maana ubongo hufa kila dakika inayopita.

Siku hizi mgonjwa yeyote anayeketi mbele yangu, awe na kikohozi au kidole kilichokatika, hupimwa shinikizo. Likiwa juu, simwandikii tembe kabla hajanieleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini atazimeza hata asipoumwa. Jambo hilo huchukua robo saa, na wanaongoja nje hunung'unika. Lakini yule mama angali huja kumchukulia mumewe dawa, na kila nikimwona nakumbuka zile dakika tano.

Wiki hii ukipita karibu na zahanati, ingia upimwe. Andika nambari zako mbili kwenye karatasi na uziweke pamoja na kitambulisho chako. Halafu mpigie simu ndugu yako aliyekuja mjini mwaka huu, umuulize kama anazijua zake.