Kipimo Kinachosoma Vinasaba vya Kifua Kikuu

Machi 24, 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amekigundua kimelea kinacholeta kifua kikuu (TB). Alikiona kwa hadubini baada ya kukitia rangi, na kwa zaidi ya karne moja wagonjwa wengi wa TB duniani waliendelea kupimwa hivyo hivyo. Gharama yake ni ndogo, lakini mililita moja ya makohozi sharti iwe na vimelea 5,000 hadi 10,000 ndipo vionekane. Anayeishi na VVU mara nyingi hafikishi idadi hiyo, naye ndiye TB humwua upesi.

Kipimo cha Xpert MTB/RIF, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hakitafuti umbo la kimelea. Kinatafuta DNA yake. Makohozi huchanganywa na dawa inayoyalainisha na kuua vimelea, kisha hutiwa kwenye katriji. Ndani ya mashine ya GeneXpert vimelea hupasuliwa kwa mawimbi ya sauti, na kipande cha jeni iitwayo rpoB hunakiliwa tena na tena hadi kitambulike. Sehemu inayosomwa ina herufi 81 tu za kinasaba, na humo hutokea takriban asilimia 95 ya mabadiliko yanayokipa kimelea usugu dhidi ya rifampisini, dawa kuu ya kutibu TB.

Kwa hiyo, katika muda usiofika saa mbili yanapatikana majibu mawili: kama TB ipo, na kama dawa hiyo kuu itafanya kazi. Mimi nalithamini zaidi hilo la pili. Zamani usugu ulijulikana baada ya kuotesha vimelea maabara kwa wiki kadhaa, na wiki zote hizo mgonjwa alimeza dawa zisizomponya huku akiwaambukiza watoto wake.

Toleo jipya la kipimo hiki, Ultra, la mwaka 2017, hugundua hata vimelea 16 katika mililita. Ukali huo una gharama yake, maana kimelea hufa DNA yake ikabaki mapafuni. Aliyekwisha kupona anaweza kupimwa akaonekana ana TB, hasa kama matibabu yake ni ya miaka ya karibuni. Ndiyo maana kipimo hiki hakitumiki kufuatilia maendeleo ya tiba. Kazi hiyo imebaki kwa hadubini na kuotesha. Aliyewahi kutibiwa TB amweleze daktari kabla ya kutoa makohozi, na ataje mwaka aliomaliza dawa.