Hakiki Seva Kabla ya Kutuma Nenosiri

Programu mbili zikitaka kuzungumza mtandaoni, kila moja hufungua soketi: mdomo wa kusemea na kusikilizia. Soketi ya kawaida haifichi kitu. Ukipitisha nenosiri humo, aliyejibanza katikati, tuseme kwenye Wi-Fi ya mgahawani, analisoma lilivyo.

Wapo wanaodhani Base64 inaficha. Neno "siri" likipitishwa humo linatoka "c2lyaQ==", na hurudishwa kwa amri moja, bila ufunguo wowote.

Kinachoficha ni TLS, mrithi wa SSL ya Netscape ya miaka ya 1990. Toleo lake la 1.3 lilitoka mwaka 2018. Katika Python kazi si kubwa: unaita ssl.create_default_context(), kisha unaifunika soketi kwa wrap_socket ukitaja jina la seva kwenye server_hostname. Mistari hiyo michache inasimba mazungumzo. Pia inaidai seva cheti kilichotiwa sahihi na mamlaka inayoaminika, chenye jina lile lile uliloliita.

Hilo la cheti ndilo watu wanalolipuuza. Niliwahi kukabidhiwa skripti ya ofisi moja iliyokuwa ikiingia kwenye seva ya baruapepe kila usiku kupitia poti 993. Siku cheti cha seva kilipoisha muda, skripti iligoma. Aliyekuwa akiitunza akaongeza check_hostname = False, na chini yake verify_mode = ssl.CERT_NONE. Skripti ikaamka, watu wakaridhika. Tangu siku hiyo nenosiri lilikuwa likisimbwa barabara, kisha likikabidhiwa kwa yeyote atakayeitikia hodi, hata mwizi aliyejifanya ndiye seva. Dawa ilikuwa kuhuisha cheti. Na kama seva ni ya ndani, yenye cheti ilichojitengenezea, kipakie cheti hicho kwa load_verify_locations. Uhakiki ubaki palepale.

Nenosiri lenyewe lisiandikwe ndani ya skripti. Mtu akiwepo, getpass hulipokea bila kulionesha kwenye skrini. Skripti inayojiendesha yenyewe ilisome kwenye faili ambalo mmiliki peke yake ana ruhusa ya kulifungua.

Leo hii, zitafute skripti zako zenye neno CERT_NONE. Ukilikuta, lifute, kisha badilisha kila nenosiri lililowahi kupita hapo.