Mkanda wa Mtoto Sishoni

Ninashona viti vya magari mjini Bariadi: kava, sponji zilizolala, zulia la chini. Kazi moja naikataa kila inapokuja. Mtu analeta kiti cha mtoto, mkanda umechanika ukingoni, ananiambia, "Fundi, pitisha nyuzi mbili tu." Namjibu, "Mayu, huu sishoni." Wengine huondoka wamenuna.

Mkanda ule ni wa poliesta, na mishono yake ya kiwandani imejaribiwa pamoja na kiti chenyewe. Kwenye jaribio la kanuni namba 44 ya Umoja wa Mataifa, kiti hukimbizwa kwa kilomita 50 kwa saa kisha kikasimamishwa ghafla. Kwa sekunde ile, mtoto wa kilo 10 anauvuta mkanda kama mzigo wa kilo 200 na zaidi. Uzi wa cherehani yangu hakuna aliyeupima hivyo.

Viti vingi ninavyoletewa vimekuja ndani ya magari yaliyotumika Japani, nchi ambayo tangu mwaka 2000 inalazimisha mtoto wa chini ya miaka sita akae kwenye kiti chake. Kigeuze utafute lebo ya rangi ya chungwa: herufi E ndani ya duara, na 43 ikiwa kiliidhinishwa Japani. Tafuta pia tarehe ya kutengenezwa. Watengenezaji wengi hukipa kiti kati ya miaka 6 na 10, na kama kimewahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali kubwa, basi kazi yake imekwisha hata kikionekana kipya.

Kiti kikiwa bado kizima, kinachobaki ni kukisafisha. Uchafu wenyewe hauna makuu. Uji, ubuyu, matapishi ya safari ya Mwanhuzi, vyote vinatoka. Hatari iko kwenye namna tunavyosafisha. Nimeona mikanda imelowekwa kwenye beseni la Jiki usiku kucha, ikatoka inang'aa! Dawa ile hudhoofisha nyuzi, na jicho halioni kitu. Usiloweke, usitie kwenye mashine ya kufulia, usipige pasi, wala usimwachie kijana wa kuosha magari aipige kwa maji ya presha. Chukua kitambaa, maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, futa ukifuata urefu wa mkanda, kisha futa tena kwa maji matupu. Anika kivulini. Jua letu la Septemba lishughulike na kava.

Kabla ya kuvua kava piga picha kwa simu, mbele na nyuma. Mkanda ukirudi umejipinda, au ukapita kwenye tundu ambalo si lake, usafi wote umekuwa hasara.

Kifungio chenye kitufe chekundu kina adabu yake. Kikigoma, mtu wa kwanza anayeulizwa ni fundi gereji, naye jibu lake ni oili. Oili ikikutana na vumbi la Meatu inakuwa tope, na ulimi wa kifungio haukai sawasawa. Kipindue, kikung'ute makombo ya michembe, kisha kama maelekezo ya kiti yanaruhusu, kisuuze kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni huku ukibonyeza kitufe. Kikikauka, kifunge. Usiposikia mlio wa kujifunga, kiti hicho usikitumie.

Baada ya yote, mfunge mtoto na ujaribu kuubana mkanda begani kwa vidole viwili. Ukikunjika, umelegea. Akina mama wa hapa hupenda kumviringisha mtoto kwa kitenge kwanza ndipo wamfunge. Geuzeni, mfungeni kwanza, kitenge kije juu.

Kiti nilichokikataa sikirudishi hivihivi. Mwenyewe akikubali, nakata mikanda yote kwa mkasi mbele yake, kwa sababu hapa mjini kitu kikitupwa jalalani asubuhi, jioni kiko kwenye gari la mwingine.